Ulysses ya James Joyce: toleo la kununua, sura ya kuanzia na mahali pa kuruka

Mtu akikwambia aliiacha Ulysses, riwaya ya Mwairishi James Joyce, muulize aliachia wapi. Mara nyingi jibu ni sura ya tatu. Kijana mwalimu, Stephen Dedalus, anatembea peke yake ufukweni Dublin saa tano asubuhi, na kichwani mwake mna Aristotle, Kilatini, Kijerumani, Kifaransa, na mama yake aliyefariki. Hakuna anayemuuliza swali, hakuna anayemjibu, na mwandishi hasemi lolote la kumsaidia msomaji. Msomaji anajiona mjinga, anafunga kitabu, na kitabu kinahamia rafu ya juu pale pa vyombo vya wageni.

Kosa si lake. Alianzia mlango mgumu. Riwaya hii ina sura 18, na tatu za kwanza ni za Stephen. Sura ya nne inarudisha saa nyuma: ni saa mbili asubuhi tena, siku ile ile ya tarehe 16 Juni 1904, upande mwingine wa jiji. Sura ya 1 na ya 4 zinakwenda sambamba, ya 2 na ya 5 vilevile, ya 3 na ya 6 vilevile. Hata wingu linalofunika jua katika sura ya 1 ndilo hilohilo linalopita katika sura ya 4. Basi ukianza na 4, 5 na 6, kisha ukarudi 1, 2 na 3, hujaharibu mfuatano wowote wa wakati, na unapofika ufukweni na Stephen tayari umeshazoea jinsi mwandishi huyu anavyoingia na kutoka vichwani mwa watu. Ukiwa hapo ufukweni, kama falsafa imekushinda, mfuate mbwa. Kuna mbwa wa wachuma kombe anakimbia mchangani, ananusa, anachimba. Sentensi zinazomhusu zinaeleweka zote, nazo zitakuvusha hadi mwisho wa sura.

Sura ya nne ni ya Leopold Bloom, miaka 38, mtafuta matangazo ya gazeti, anayemwandalia mkewe chai kitandani huku figo ya nguruwe ikiungua jikoni. Hapa ndipo pa kujifunzia ufundi mmoja unaobeba sehemu kubwa ya kitabu. Tuuhamishie Kampala ili uonekane. Chukua mistari hii:

Alivuka barabara mbele ya Old Taxi Park. Jua kali. Mayai mawili au matatu? Mawili yatosha, chapati yake nene. Yule wa boda tena. Aliinua mkono. Hakuonekana.

Sentensi ya kwanza ni ya msimulizi. Ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano ni za mtu mwenyewe, kichwani mwake, akiwazia rolex, ile chapati ya Kampala inayoviringiwa mayai. Ya sita na ya saba ni za msimulizi tena. Hakuna alama ya kunukuu, hakuna "alifikiri kwamba", hakuna mshazari wa herufi. Kwa Kiswahili kiambishi kingekuvujishia siri kidogo: "alivuka" ni msimulizi, "nilivuka" ni yeye. Kiingereza cha Joyce hufuta hata kile kiwakilishi cha "mimi", kikabaki kitenzi kitupu, na ndiyo maana msomaji hodari wa Kiingereza anaweza kupotea hapo kama anayesoma kwa kuungaunga. Kanuni ya kazi: sentensi kamili yenye "he" ni ya msimulizi, kipande kifupi kisicho na mtenda ni cha Bloom. Isome sura ya nne mara mbili na penseli, upigie mstari vipande vya Bloom tu. Ukurasa wa kumi hivi utakuta mkono umeacha kupiga mstari wenyewe, kwa sababu sikio limeshakamata. Mazungumzo yanayosemwa kwa sauti yanaanza na kistari kirefu mwanzoni mwa mstari, lakini hakuna alama ya kuonyesha yanapoishia. Hapo pia penseli inasaidia.

Ugumu wa pili ni wa kumbukumbu, na huu ndio unaofanya kitabu kiwe kitamu au kiwe adhabu. Joyce hakwambii jambo ni muhimu linapotokea. Mfano bora ni farasi. Katika sura ya 5, nje ya duka la dawa la Sweny ambako Bloom amenunua sabuni ya ndimu, jamaa aitwaye Bantam Lyons anamwomba gazeti aangalie mbio za siku hiyo. Bloom, akitaka kumwondoa upesi, anamwambia alichukue tu, alikuwa karibu kulitupa. Kwa Kiingereza kitendo hicho ni "throw away". Lyons anamkazia macho, anamrudishia gazeti na kuondoka mbio. Aya chache, basi. Msomaji anapita.

Kumbe siku hiyo kwenye mbio za Kombe la Dhahabu, Ascot, alikuwapo farasi aitwaye Throwaway. Ni jambo la kweli la historia: alishinda, tena kwa dau la 20 kwa 1, akimwacha Sceptre aliyependwa na wengi. Lyons aliamini amepewa siri. Kufikia sura ya 12, ndani ya baa ya Barney Kiernan, habari imeshavuma kwamba Bloom amekula pesa za farasi na ametoka kidogo kwenda kuzichukua, wala hawanunulii wenzake hata glasi moja. Yeye ametoka kumtafuta mtu kwa shughuli nyingine kabisa na hajui lolote. Chuki inayomwangukia anaporudi, ukijumlisha na ile waliyokuwa nayo tayari kwa sababu ya Uyahudi wake, inaishia kwa mzalendo mmoja kumrushia kopo la biskuti. Halafu sura ya 17, usiku wa manane, Bloom anakuta nyumbani kwake tiketi mbili nyekundu za kubeti zimechanwa. Kitabu hakisemi zimeachwa na nani. Lakini wewe unajua nani alikuja kumtembelea mke wa Bloom saa kumi jioni, na sura kadhaa nyuma umesikia alimwekea pesa farasi gani. Yeyote aliyewahi kusimama nje ya duka la kubeti siku ya mechi, akasikia jinsi neno moja linavyogeuka kuwa "siri ya uhakika" ndani ya dakika tano, ataielewa sura hiyo bila tanbihi hata moja.

Kwa hiyo kabla ya kitabu, nunua daftari dogo. Kila ukurasa gawa safu tatu: kitu, sura, nani anacho. Andika sabuni, kiazi kilichomo mfukoni mwa Bloom, barua, gazeti, farasi, mtu aliyevaa koti la mvua makaburini. Vitu, siyo mawazo. Mawazo utayakuta yamejieleza; ni vitu vinavyopotea. Huyo mtu wa koti la mvua, lakini, usimhangaikie: ni nani, mwandishi hasemi hadi mwisho, na watu wamebishana kwa miaka mingi bila kuafikiana.

Sasa toleo. Hapa pesa nyingi hupotea bure. Kitabu kilitoka Paris tarehe 2 Februari 1922, nakala 1,000, kwa mkono wa Sylvia Beach na duka lake la Shakespeare and Company. Wachapaji walikuwa Dijon, Ufaransa, Kiingereza si lugha yao, na Joyce aliendelea kuongeza maneno pembezoni mwa prufu, zile kurasa za majaribio, hadi dakika za mwisho. Matokeo yake ni makosa mengi ya chapa, na kila toleo la baadaye ni jaribio la kuyasafisha. Ndiyo sababu nakala mbili za Ulysses mkononi mwa wasomaji wawili hazilingani kurasa, na mahali pengine hazilingani maneno.

Kwa anayesoma peke yake na hataki kununua vitabu viwili, chukua toleo la Oxford World's Classics lililohaririwa na Jeri Johnson. Linatoa chapa ya 1922 kama ilivyokuwa, pamoja na makosa yake, lakini nyuma lina orodha ya masahihisho, maelezo ya kila sura, na tanbihi za kutosha. Kasoro yake ni kwamba tanbihi ziko mwisho wa kitabu, kwa hiyo utatembea na alamisho mbili. Toleo la Hans Walter Gabler, la juzuu moja tangu 1986, ndilo safi zaidi kwa macho, na kila sura ina namba za mistari pembeni. Ukikuta mtu ameandika 4.1, maana yake ni sura ya nne, mstari wa kwanza. Halina tanbihi. Ila linaendana na kitabu kikubwa cha maelezo cha Don Gifford, ambacho kimepangwa kwa namba hizohizo, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wananunua Gifford na Penguin. Penguin ya kawaida ina utangulizi mrefu na mzuri wa Declan Kiberd, lakini haina namba za mistari, basi kila unapotafuta maelezo unahesabu kwa kidole. Wiki mbili za namna hiyo zinatosha kumchosha mtu yeyote. Toleo kubwa la Cambridge la mwaka 2022 lina ramani na tanbihi chini ya ukurasa uleule. Ni zuri kuliko yote na ni zito mno. Ni la mezani, halifai kubebwa kwenye teksi ya kwenda Mukono.

Ukinunua kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya Kampala, usiridhike na jalada. Kunja kitabu taratibu mahali pa sura ya 15, karibu na robo ya tatu: hiyo ndiyo sura ndefu kuliko zote, imeandikwa kama mchezo wa kuigiza, na ndipo gundi ya mgongo inapoachia kwanza kwa sababu vitabu hivi hukaa vimefunguliwa hapo. Kisha tafuta mwisho wa sura ya 17, iliyoandikwa yote kwa maswali na majibu. Swali la mwisho ni neno moja, "Where?", na jibu lake ni nukta kubwa nyeusi. Wapo wachapaji walioidhania doa la wino wakaiondoa. Nakala yenye nukta hiyo imepita mikononi mwa mhariri makini kidogo. Mwisho, hakikisha sura ya 18 ipo yote; nakala za kudurufu huishiwa karatasi huko.

Bila pesa pia inawezekana. Haki za kazi hii zimekwisha muda, na Project Gutenberg wanaitoa bure kama kitabu namba 4300. Matini yenyewe ni takriban MB 1.5, chini ya picha moja ya simu. Sura zimewekewa namba, jambo ambalo nakala nyingi za karatasi hazifanyi (majina ya Kigiriki kama Calypso na Circe hayamo ndani ya riwaya, yanatoka kwenye majedwali ambayo Joyce aliwapa rafiki zake). Kinachokosekana kwenye matini tupu ni mistari ya muziki katika sura ya 9 na ya 17.

Halafu kuna sauti, na hapa ushauri hauna masharti: ipakue. Redio ya taifa ya Ireland, RTÉ, iliigiza kitabu kizima bila kukata neno mwaka 1982, karibu saa 30, na rekodi inapatikana bure mtandaoni. Kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja hula takriban MB 29, kwa hiyo yote ni chini kidogo ya GB 1. Ifanye kwenye WiFi, si kwa bando la siku. Sura ya 11 hasa haifai kusomwa kimya: inaanza na kurasa mbili za vipande visivyo na maana yoyote, ambavyo ni kama wapiga ala wanaojaribu nyuzi, kisha kila kipande kinarudi baadaye mahali pake. Kwa macho ni uchafu. Kwa sikio, ukiwa umekwama kwenye jam ya Jinja Road, inaeleweka mara moja.

Kuhusu mwendo: toleo la Gabler lina kurasa 644. Kurasa 12 kwa siku ni siku 54. Usisome tanbihi kwanza. Soma ukurasa mzima, weka alama ndogo pale ulipokwama, maliza sura, ndipo ufungue maelezo kwa alama zile tu. Anayesimama kila mstari kuangalia jina la mtaa wa Dublin atakuwa amesoma kitabu cha Gifford, siyo cha Joyce. Na usikae zaidi ya siku nne bila kukigusa, maana nyuzi zile za sabuni na farasi hukatika. Wala huhitaji kumaliza kwanza Homer, mshairi wa Kigiriki ambaye utenzi wake, Odyssey, ndio Joyce aliufuata kujengea riwaya hii. Inatosha kujua kwamba kuna baharia anayechukua miaka mingi kurudi nyumbani, mke anayesubiri akizungukwa na wachumba, na mtoto wa kiume anayemtafuta baba.

Msomaji wa hapa ana mitaji ambayo maelezo ya Ulaya hayaitaji. Aliyekulia katika parokia atatambua mara moja kwamba ukurasa wa kwanza ni misa ya dhihaka: jamaa mnene anainua bakuli la povu la kunyolea ndevu na kutamka "Introibo ad altare Dei", maneno ya kufungulia misa ya Kilatini. Wazee waliotumikia altareni kabla ya misa kuhamia lugha zetu wanaijua kwa moyo. Sura ya 17 yote ni katekisimu, maswali 309 na majibu yake, na anayekumbuka mafundisho ya komunyo ya kwanza atacheka pale swali dogo kuhusu maji ya bomba linapojibiwa kwa safari nzima ya maji kutoka kwenye bwawa. Katika sura ya 12 walevi wanazungumzia ripoti ya Roger Casement kuhusu ukatili wa Congo, iliyotolewa mwaka huohuo wa 1904, na wanasoma gazetini kejeli ya mtemi wa Kiafrika anayetembezwa Uingereza na kuoneshwa Biblia ya Malkia Victoria. Kwa Mwairishi wa baa hiyo ni utani dhidi ya Mwingereza. Ukiusomea upande huu wa Rwenzori, utani huo una ladha nyingine. Na Bloom anapookota kwenye bucha karatasi inayotangaza mashamba Palestina, kumbuka kwamba wakati uleule Wazayuni walikuwa wanabishana juu ya ardhi waliyoahidiwa na Uingereza chini ya jina la "Uganda", ingawa ardhi yenyewe leo iko Kenya. Riwaya hailigusi hilo.

Kwa anayetaka kupasha misuli kwa lugha yake kabla ya Kiingereza hiki, Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni fupi na inazoesha jambo lilelile la kutembea ndani ya hadithi bila kushikwa mkono.

Kasoro zipo, na si ndogo. Sura ya 14, hospitali ya wazazi, inaiga historia nzima ya nathari ya Kiingereza wakati mama mmoja akiwa na uchungu wa siku tatu ghorofani. Ni kama mtu aanze kwa Kiswahili cha tendi za karne ya 18, apite kwa Shaaban Robert, amalizie kwa maneno ya konda. Wazo ni la ajabu. Kulisoma ni kazi ya mshahara. Mara ya kwanza soma kurasa tano za mwanzo na tano za mwisho, ujue mtoto amezaliwa na vijana wamekwenda kulewa, uendelee. Sura ya 16 imeandikwa vibaya kwa makusudi, kwa sentensi zilizochoka kama wahusika wake, na makusudi hayo hayaipunguzii urefu. Nyimbo nyingi zilizotajwa zilikuwa midomoni mwa kila mtu mwaka 1904. Leo nusu ya utani umekufa nazo. Na sura ya 15, karibu robo ya kitabu, itakuchanganya ukijaribu kutenga kilichotokea na kilichootwa. Usitenge. Sabuni inasema, wafu wanaingia, Bloom anashtakiwa, na mwisho kabisa anamwona mwanawe Rudy, aliyefariki akiwa na siku 11, sasa kijana wa miaka 11, akisoma kitabu. Kwa ukurasa huo mmoja sura nzima inalipa.

Kama mnasoma kwa kikundi, msizidi sita, na mtu mmoja asome kwa sauti huku wengine wakifuata, si kila mmoja aje na muhtasari. Siku ya kuanza, 16 Juni ni tarehe nzuri: hija ya Mashahidi wa Uganda huko Namugongo imeshatulia tangu tarehe 3 na watu wamerudi makwao.

Sura ya 18 ni ya Molly, mke wa Bloom, kitandani, hajalala. Sentensi nane tu, bila mikato, zikitenganishwa na nafasi ya aya. Soma sentensi moja kila usiku, kwa sauti ya chini, na uvute pumzi pale pumzi inapokwisha, kwa sababu hakuna alama ya kukuambia. Nukta ya kwanza inakuja mwisho wa sentensi ya nne. Weka alamisho hapo.